Barua ya Wazi kwa Jiji la Dodoma: Afya ya Akili ya Wazee Ianzie Zahanati

Kwa: Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma
Nakala: Mganga Mkuu wa Jiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Mkonze, Baraza la Wazee

YAH: MATIBABU YA MAGONJWA YA AKILI KWA WAZEE WA KATA YA MKONZE

Magonjwa ya akili ya uzeeni ni magonjwa ya kila siku, na mengi yake yanaweza kutambuliwa na kutibiwa zahanati bila mgonjwa kulazwa wala kusafirishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 14 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wanaishi na ugonjwa wa akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi. Watu wenye dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walikadiriwa kufikia milioni 57 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 3.5, sawa na asilimia 5.7. Kwenye karatasi asilimia hiyo inaonekana ndogo. Mtaani ndiye bibi anayetoka usiku kutafuta mbuzi waliouzwa zamani, na babu aliyeacha kula tangu alipofiwa na mkewe.

Mkonze ni kata ya pembezoni mwa Jiji. Tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi 2016, mashamba ya mtama, uwele na karanga katika kata za namna hii yamekuwa yakipimwa viwanja. Vijana wamefuata ujenzi, bodaboda na biashara za mjini. Mzee amebaki na wajukuu, na mara nyingi shamba lililokuwa likimpa kazi, chakula na hadhi halipo tena.

Jiji hilohilo ndilo lenye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa 1927 chini ya utawala wa Waingereza, pamoja na Taasisi ya Isanga inayowapokea wagonjwa wenye mashtaka ya jinai. Kabla yake kulikuwa na Lutindi, milimani Usambara, kituo cha wamisionari wa Kijerumani kilichoanza 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye kikageuzwa makao ya wagonjwa wa akili. Hospitali za namna hii zilijengwa kwa ajili ya mtu aliyeshindikana nyumbani: anayepiga, anayevunja, anayekimbilia porini. Mzee mwenye sonona hapigi mtu. Hukaa kimya ukutani, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni utu uzima. Tena, kwa miaka mingi jina la Mirembe limetumika mitaani kama tusi, hata familia iliyo umbali wa nauli ya daladala ikaona heri kumpeleka mzee kwa mganga wa wilaya nyingine kuliko aonekane akishuka pale getini. Kwa hiyo ujirani wa Mkonze na hospitali kubwa ya fani hii haujawa huduma kwa wazee wake. Halmashauri ikidhani kata hii imekwisha kuhudumiwa kwa kuwa Mirembe ipo, inajidanganya.

Njia nyingine imewahi kujaribiwa hapa nchini. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliendesha mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ambako wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutambua magonjwa ya akili ya kawaida, kuyatibu, na kuwapa rufaa wale tu walioshindikana. Wazo hilohilo ndilo msingi wa mpango wa mhGAP ambao Shirika hilo liliuzindua 2008. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, na madaktari bingwa wa akili wanaohesabika kwa makumi, haiwezi kuwasubirisha wazee wake wote mlangoni kwa bingwa.

Kazi ya kwanza ya mhudumu wa zahanati ni kutenganisha hali tatu ambazo machoni pa familia ni kitu kimoja.

Hali ya kwanza ni akili kuchafuka ghafla, ambayo madaktari huiita deliriamu. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo haitambui nyumba yake, anaongea na watu wasioonekana, anasinzia mchana na kuweweseka usiku, na hali hiyo inapanda na kushuka ndani ya saa chache. Huo si wazimu wala uzee. Ni ishara kwamba mwili una dharura. Visababishi vinajulikana: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, mkojo kuziba kwa wanaume wenye tezi dume, choo kufunga kwa siku nyingi, kuacha pombe ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku, na wakati mwingine dawa zenyewe za hospitali. Katika nyanda za kati, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 na kiangazi ni kirefu, upungufu wa maji mwilini nao ufikiriwe mapema. Mzee mwenye magoti mabovu hupunguza kunywa maji kwa makusudi ili asilazimike kwenda chooni usiku, na hamwambii mtu.

Kipimo cha malaria, cha sukari na cha mkojo, joto la mwili na presha, kisha kusikiliza kifua: kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na haihitaji bingwa. Mzee huyohuyo akizungushwa kwa mganga au kwenye maombi kwa siku kadhaa, anaweza kufa kwa nimonia ambayo ingetibika. Kama kuna jambo moja tu ambalo kila kaya ya Mkonze ingefundishwa kuhusu akili ya mzee, liwe hili: akili iliyochafuka ndani ya siku moja au mbili ni ugonjwa wa mwili mpaka vipimo viseme vingine, na zahanati ni siku hiyohiyo.

Hali ya pili ni sonona. Wazee wengi hawaji zahanati kulalamikia huzuni. Hulalamikia usingizi uliokata, mwili kuchoma, kichwa kuwaka moto, tumbo kujaa, miguu kukosa nguvu. Hupewa dawa ya maumivu, wakirudi hupewa vitamini, wakirudi tena huambiwa ni uzee. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne waliofika vituo vya afya ya msingi alikuwa na sonona, wasiwasi au matatizo ya jamii hiyo, na kwa waganga wa jadi ilikuwa karibu nusu ya waliofika. Maana yake ni kwamba wagonjwa hawa tayari wamo kwenye foleni. Kinachokosekana ni swali.

Maswali yenyewe si magumu. Baada ya shikamoo, na baada ya mkwe au mjukuu aliyemleta kuombwa apishe kidogo, mhudumu anauliza kama katika wiki mbili zilizopita moyo umekuwa mzito siku nyingi, na kama mambo aliyoyapenda mzee bado anayapenda. Akijibu kuwa moyo ni mzito, au kwamba hapendi tena kitu, huulizwa juu ya kula, kulala, misiba ya karibuni na pombe. Swali la kujitoa uhai wahudumu wengi hulikwepa kwa heshima ya umri. Heshima hiyo ina hatari, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wazee wanaojaribu kujiua mara nyingi hudhamiria kweli. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hilo huzifanya familia zifiche. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria za huko kinapingana na Katiba. Halmashauri ya Jiji haiwezi kufuta kifungu cha sheria ya nchi, ila inaweza kuelekeza kwamba ndani ya vituo vyake matibabu yanatangulia.

Sonona isiyo kali sana hutulia kwa mazungumzo na kwa mzee kurudishwa katikati ya watu. Zimbabwe imeonyesha namna. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa kawaida wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la kisayansi lililochapishwa 2016 lilithibitisha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. La kuangalia zaidi ni kwamba wanaotibu pale ni wazee wenyewe, na Mkonze haina uhaba wa bibi wenye hekima na muda.

Hali ya tatu ni dimensia, na hapa maelezo hayana budi kurefuka, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Huanza polepole, kwa miezi na miaka. Mzee hurudia swali lilelile, hupotea njia aliyoizoea, hushindwa kuhesabu chenji, husahau kuwa amekula na kumlaumu mkwe kwa kumnyima chakula. Baadaye hushindwa kuvaa na kuoga. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, kikifuatwa na madhara ya presha na kiharusi kwenye mishipa ya ubongo. Uzee peke yake hausababishi haya. Wapo wazee wa miaka 90 wanaotaja mipaka ya mashamba ya ukoo mzima bila kukosea.

Utafiti unaotajwa zaidi hapa nchini ulifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013. Kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, waliokutwa na dimensia walikuwa asilimia 6.4 baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Watafiti wa huko walikutana na kikwazo ambacho Mkonze itakutana nacho pia: kipimo kilichozoeleka duniani, kilichotungwa Marekani 1975, kinamtaka mgonjwa asome, aandike sentensi na anakili mchoro. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu hufeli hata kama akili yake ni timamu. Kwa hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, hueleza daraja ni nini, hujibu maswali machache ya siku na mahali, kisha hukumbuka maneno 10 aliyosomewa. Kiberiti kinatosha, na kiberiti hakikosekani katika duka lolote la mtaa.

Umri nao ni fumbo. Wazee wengi wa nyanda za kati hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kumuuliza mzee mwaka aliozaliwa ni kumpima kitu ambacho hakuwahi kukijua. Mhudumu anayezijua habari za mahali hupima kwa matukio: uhuru wa 1961, Operesheni Dodoma ya 1971 iliyowahamishia watu vijijini, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Operesheni ina umuhimu wake wa pekee. Mzee mwenye dimensia akifungasha nguo jioni na kusema anarudi kwao, pengine anarudi kwenye boma lililoachwa mwaka ule, kwa maana kumbukumbu za zamani hudumu kuliko za jana. Anayembishia humtia hofu bure. Anayemuuliza habari za boma hilo, akatembea naye kidogo na kumrudisha, humaliza jambo kwa robo saa.

Mahali ambapo ugonjwa huu haujulikani, jina jingine huwa tayari. Bikizee aliyekutwa alfajiri uani kwa jirani, nusu uchi, asiyeweza kueleza amefikaje, huitwa mchawi aliyeanguka. Ukichukua moja moja, kuzunguka usiku, kuvua nguo, kuongea peke yake na kutowatambua majirani ni dalili zilizoandikwa katika kila kitabu cha dimensia. Macho mekundu, ambayo yamewagharimu maisha wanawake wazee huko Shinyanga, Mwanza na Tabora, ni kazi ya moshi wa kuni na samadi ya kupikia. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1928 na haijamaliza mauaji hayo, kwa sababu hakimu hufika baada ya kaburi. Mwenyekiti wa mtaa hufika kabla. Akijua kwamba anayetuhumiwa huenda ni mgonjwa, na akajua pa kumpeleka asubuhi hiyo, mkutano wa hadhara haufanyiki.

Dimensia haina dawa ya kuiponya, ila sehemu yake kubwa inaweza kucheleweshwa au kuzuiwa. Jopo la jarida la Lancet lilieleza 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, yakiwamo presha, kisukari, sigara, pombe, upweke, elimu ndogo, na kupungua kwa usikivu na uoni. Mawili ya mwisho yana historia hapa. Trakoma imepofusha watu wengi katika nyanda za kati, wanawake zaidi kuliko wanaume, na Wilaya ya Kongwa imekuwa uwanja wa watafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980. Mtoto wa jicho umeongeza wengine. Mzee asiyeona na asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo, na ubongo usiosemeshwa hudhoofu. Wengine wenye upofu huanza kuona sura za watu au wanyama wasiokuwapo huku akili zao zikiwa timamu kabisa, nao hunyamaza kwa kuogopa kuitwa vichaa. Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa hiyo una haki ya kuhesabiwa pia kuwa huduma ya afya ya akili. Kuhusu presha, uchunguzi uliofanyika Hai uliikuta kwa karibu wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi, na wengi wao hawakuwa wakitibiwa ipasavyo.

Dawa zina mlango wake wa madhara. Zinazopatikana kwa urahisi ni zile za zamani: amitriptilini kwa sonona, diazepamu kwa usingizi, haloperidoli na klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, kwa kutuliza fujo. Katika mwili wa mzee, ambao ini na figo zake zimepunguza kasi, dozi ya kijana ni nyingi mno. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo, huziba mkojo, hushusha presha mzee anaposimama, na huweza kumletea uchafukaji wa akili uleule uliokuwa ukitibiwa. Diazepamu huangusha watu njiani kwenda chooni, na nyonga iliyovunjika katika umri huo mara nyingi ndiyo mwanzo wa mwisho. Haloperidoli hukakamaza misuli na kuleta mtetemeko, kisha mgonjwa huongezewa Artane ili mtetemeko upungue, na Artane nayo huharibu kumbukumbu. Mzee aliyeingia na dawa moja anatoka na tatu, na hali mbaya kuliko alivyokuja. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kwamba dawa za kutuliza wazimu huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Hutumika pale tu ambapo mgonjwa anajihatarisha au anahatarisha wengine, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Kwa sonona, fluoksetini kwa kawaida huvumilika kuliko amitriptilini, ikianzwa chini na kupandishwa polepole. Kabla ya kuandika dawa yoyote, mhudumu amwombe mzee alete mfuko mzima wa dawa alizonazo nyumbani, za duka la dawa na za miti shamba pamoja.

Anayebeba mzigo wa haya yote ni binti, mkwe au mjukuu wa kike aliyeachishwa shule. Mzee kufungiwa chumbani au kufungwa kamba kunalaaniwa, na kulaaniwa ni haki. Lakini mara nyingi anayefunga kamba ni mwanamke mmoja ambaye lazima aende kibaruani na hana wa kumwachia. Huko Hai, watafiti walijaribu tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa kwa mazingira ya Tanzania na Nigeria: wazee wenye dimensia hukutana mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, wakizungumza habari za zamani, wakiimba, wakicheza michezo wanayoijua. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nafuu katika kumbukumbu na tabia, bila kidonge hata kimoja. Mkonze ina bao, ina ngoma ya muheme, na ina vivuli vya miti. Saa mbili za kikundi ni saa mbili za mapumziko kwa mkwe, na faida hiyo haipaswi kudharauliwa. Kwa wasio na ndugu kabisa, Serikali ina makazi ya wazee kama Sukamahela wilayani Manyoni, lakini nafasi za makazi ya namna hiyo ni za wachache mno, na mzee aliyeng'olewa kwenye mtaa anaoujua huchanganyikiwa zaidi.

Upo upande mmoja wa suala hili ambao maofisa wa afya huwa hawauoni, kwa kuwa unapita ofisi ya ardhi. Kiwanja kikipimwa, shamba lililokuwa la jembe linakuwa mali ya mamilioni ya shilingi, na mwenye jina ni mzee asiyejua tena leo ni siku gani. Kidole gumba kinachovywa wino hakina kumbukumbu. Mauziano husainiwa mbele ya mashahidi walioletwa na mnunuzi, na wanafamilia huja kugundua siku tingatinga linapoingia. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaipa mahakama nafasi ya kuweka msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kuisimamia, lakini ni familia chache zinazojua hilo, na chache zaidi zenye nauli na muda wa kufuatilia. Ipo kinga rahisi kuliko ya mahakama: muuzaji mwenye umri mkubwa azungumze na mtendaji faraghani, bila mnunuzi wala jamaa, aeleze kwa maneno yake anauza nini, kwa nani na kwa bei gani. Akishindwa, mauzo yasimame mpaka apimwe.

Sera zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa 2003, Sera ya Afya ya 2007 inawapa matibabu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Zanzibar imekwenda mbele zaidi kwa Pensheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara haina kitu kama hicho, na hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi inagawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mzee hayumo kwa jina la uzee wake. Siku ya Wazee ni Oktoba 1 na Siku ya Afya ya Akili ni Oktoba 10. Zimepishana kwa siku 9, na mzee mwenye sonona ni wa zote mbili.

Yanayoombwa kwa Mkonze yako ndani ya uwezo wa Jiji. Kliniki ya akili ya wazee isijengwe peke yake, kwa kuwa hakuna mtu atakayeingia mlango wenye kibao hicho. Iwekwe ndani ya kliniki ya presha na kisukari, ambako wazee tayari wanakwenda bila aibu, na muuguzi wa afya ya akili kutoka Mirembe afike mara moja kwa mwezi kuona walioshindikana na kuwafundisha wenyeji. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafikisha 137,294 nchini, wapewe kipimo cha njiti za kiberiti na maswali mawili ya sonona. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wapangiwe kata hii katika mafunzo yao ya vitendo. Fluoksetini isikosekane dirishani, sababu mzee anayeambiwa matibabu ni bure na kisha akapewa karatasi ya kwenda kununua duka la dawa, amenyimwa matibabu. Wenyeviti wa mitaa na watendaji wapewe semina ya siku moja juu ya dimensia, tuhuma za uchawi na mauziano ya ardhi, siku hiyo moja ikiwakusanya polisi wa kata, viongozi wa dini na waganga wa jadi waliosajiliwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya kata hupangwa miezi mingi kabla. Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Mkonze inaombwa kuiandika kliniki hii katika vipaumbele vya mwaka ujao, Mganga Mkuu wa Jiji anaombwa kuiombea muuguzi na dawa, na Halmashauri inaombwa, mafungu yatakapoanza kupunguzwa, isianze na hili.